Majani ya mwarobaini na maji ya kromu ya ngozi: nimefuata maelekezo lakini maji bado ya bluu, nakosea wapi?

DadaNgozi_Sgd

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada kwa wenye uelewa wa kemia au waliowahi kufanya kazi viwanda vya ngozi.

Sisi ni kikundi cha watu kumi na mmoja huku Singida, tunasindika ngozi za mbuzi halafu tunashona viatu vya wazi na mikanda. Ngozi tunaziivisha kwa kromu, ile poda ya kijani. Shida yangu ni yale maji yanayobaki kwenye pipa ngozi zikishaiva, yana rangi kama maji ya bluu ya kufulia ila yanavutia kijani. Tulikuwa tunayamwaga kwenye shimo nyuma ya banda, mvua za mwezi wa pili zikaja shimo likafurika mpaka kwenye mfereji, na mfereji unapita kwenye bustani ya mchicha ya mama mmoja jirani yetu ambaye hata sisi tunanunua mboga kwake. Siku hiyo nilimkuta ameyachota kwa ndoo anamwagilia, akaniambia mwanangu maji yenu leo yana rangi nzuri kweli. Usiku ule sikulala.

Nikaingia mtandaoni nikakuta wanasema majani ya mwarobaini yakikaushwa na kusagwa yanavuta kromu kwenye maji asilimia 90 na zaidi, ila maji yawe makali, pH 2 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inakuwa kali zaidi). Mwarobaini huku upo kila mahali. Nikaanika majani kivulini siku tano, nikatwanga, nikachekecha kwa chekeche la unga, nikapata kilo moja. Nikaweka kwenye pipa la lita 200, nikaongeza maji ya betri kidogo kidogo mpaka karatasi ya pH ikawa nyekundu, tukapokezana kukoroga saa mbili nzima. Matokeo yake maji bado ya bluu, tena sasa yana ukahawia kwa juu na harufu ya majani.

Je, hii kitu ya majani ni kweli au ni maneno ya mtandaoni? Na kama ni kweli nimekosea wapi? Shimo tumelifunga, kazi imesimama wiki ya pili sasa.

kambi_ya_kudumu

Mada nzuri sana hii, naweka kambi hapa. Na sisi huku tuna mafundi wa kupaka nikeli kwenye bampa, maji yao yanaishia mtaroni tu.

MkemiaWaKata

Dada pole, na hongera kwa kusimamisha kazi, wengi wangeendelea kumwaga. Nitajibu kwa urefu maana swali lako limebeba mambo matatu.

La kwanza, majani ni kweli. Jani kavu lina selulosi, pektini, lignini na tanini, na humo ndani kuna sehemu za asidi dhaifu zinazoshika haidrojeni au kalsiamu. Ioni ya metali, yaani chembe ya metali iliyoyeyuka kwenye maji ikiwa na chaji, ikipita, jani linaachia lilichoshika na kushika ile ioni. Ni kubadilishana, siyo uchawi wala dawa. Ndiyo maana siyo mwarobaini peke yake, majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa yanafanya, mlonge unafanya, hata maganda ya ndizi. Risasi na shaba ndizo zinazoshikwa vizuri zaidi.

La pili, na hapa ndipo ulipokosea ingawa kosa siyo lako, ulifuata maelekezo ya kromu nyingine. Kromu zipo mbili zinazotuhusu, tuziite kromu tatu na kromu sita. Kromu sita ni ya njano au ya machungwa kwenye maji, ni sumu kali na inasababisha saratani, na kwenye maji inatembea ikiwa na chaji hasi. Ya kwako ni kromu tatu, ndiyo ya ngozi, bluu kijani, yenye chaji chanya, na madhara yake ni madogo kuliko ya sita. Tafiti nyingi za mwarobaini na kromu zimefanywa kwa kromu sita, na hiyo kweli inataka pH 2, kwa sababu kwenye asidi kali jani linakuwa na chaji chanya linaivuta ile hasi, na humo humo jani lenyewe linaigeuza sehemu yake kuwa kromu tatu. Wewe umechukua kromu tatu ukaitia asidi mpaka 2. Hapo sehemu zote za jani zimejaa haidrojeni, kromu yako inafika inakuta viti vyote vina watu. Kromu tatu inataka pH 4 mpaka 5 hivi ndiyo jani liishike.

La tatu ni hesabu. Maji yaliyobaki baada ya kuivisha ngozi yana kromu nyingi sana, maana kwa njia ya kawaida ngozi inakunywa kama asilimia 60 hadi 70 tu ya kromu unayoweka, inayobaki ndiyo hiyo unayoiona. Tuseme lita moja ina miligramu 2000, na hicho ni kiwango cha kawaida kabisa kwa kazi yenu. Pipa la lita 200 lina gramu 400 za kromu. Unga wa majani ukiwa kwenye hali nzuri unashika, tuseme, miligramu 20 kwa gramu moja. Kilo yako moja ingeshika gramu 20. Gramu 20 kati ya 400! Hata ungepatia pH usingeona tofauti kwa macho. Kumaliza lile pipa unahitaji kilo 20 za unga mkavu, na majani mabichi ya kutoa unga huo ni zaidi ya kilo 50, kila pipa. Mtamaliza miarobaini ya mtaa mzima.

Na swali moja kabla sijaendelea, hayo maji ya betri ulinunua mapya dukani au yametoka kwenye betri ya zamani?

DadaNgozi_Sgd

Mkuu nashukuru mno, nimesoma mara tatu. Maji ya betri yametoka kwenye betri ya zamani ya pikipiki na nyingine ya gari, fundi wa hapa jirani alinipa bure.

MkemiaWaKata

Basi pipa hilo sasa lina na risasi ndani yake. Maji ya betri iliyotumika yana risasi na yana vumbi la zile sahani. Usilimwage popote, lifunike, liandike kwa rangi ili mtu asije akachota. Na mikono mlikuwa na glovu? Nguo mlizovaa mzifue peke yake, zisichanganywe na za watoto.

Nyundo_Kavu

Mkuu mkemia mbona unakatisha watu tamaa, mimi nimesoma kwa macho yangu mwarobaini unaondoa asilimia 95 ya risasi na hapo unga ulikuwa kidogo tu. Waafrika tukipata suluhisho la bure hatulitaki, tunataka mashine ya mamilioni.

MkemiaWaKata

Ndugu Nyundo sikatishi tamaa, nataka ya dada ifanye kazi kweli. Hiyo asilimia 95 angalia walianza na maji ya namna gani. Ukichukua lita moja ya maji yenye miligramu 10 za risasi ukaweka gramu 10 za unga, ukaondoa asilimia 95, umeondoa miligramu 9 na nusu. Gramu moja ya jani imebeba chini ya miligramu moja. Asilimia ni kubwa, mzigo ni mdogo. Unga huo huo uweke kwenye maji yenye miligramu 2000 kwa lita, asilimia inaporomoka ingawa jani limebeba mzigo mkubwa zaidi kuliko mwanzo. Mtu akikwambia asilimia muulize gramu ngapi za unga, lita ngapi, na maji yalianza na kiasi gani. Bila hivyo vitatu ile asilimia haikusaidii kupanga kazi.

mwanafunzi_wa_zamani

Naongezea kidogo kwa sababu mimi nililia na hii kitu mwaka wa mwisho chuo, mradi wangu ulikuwa unga wa mwarobaini na shaba na risasi.

Maabara nilitengeneza maji yangu mwenyewe, maji safi yaliyochujwa na chumvi ya shaba, basi. Matokeo mazuri mpaka nikaanza kujisifu kwa msimamizi. Akaniambia nenda kachukue maji ya mtaroni kwa wapaka rangi vyuma. Nikachukua, matokeo yakaanguka vibaya, karibu nusu. Sababu ni kwamba maji halisi yana kalsiamu, yana chumvi, yana mafuta, yana uchafu, na vyote vinagombania jani lile lile. Sasa ya dada ndiyo zaidi, kwenye kusindika ngozi mnaweka chumvi ya kutosha kabla ya kromu, na kuna protini zilizotoka kwenye ngozi.

Kitu kingine ambacho vidio hazisemi ni ule ukahawia ulioona. Jani likiloweka linatoa rangi na tanini zake, yaani unaondoa metali lakini unaingiza uchafu mwingine ambao unakula oksijeni ya maji huko mbele. Mimi nilikuwa naosha unga kwa maji ya moto, namwaga, naosha tena, mara sita saba mpaka maji yatoke karibu meupe, ndipo naukausha upya. Unapoteza uzito kiasi lakini unakuwa na unga tulivu. Wengine wanaupitisha kwenye kostiki soda nyepesi kwanza, inafungua sehemu nyingi zaidi za kushika, halafu wanaosha mpaka pH irudi kawaida.

Na usisage laini sana. Unga kama wa uji ukiujaza kwenye bomba ili maji yapite ndani yake yachujwe, maji hayapiti, unaziba kama simenti, niliwahi kukaa mpaka saa nne usiku nasubiri matone. Chembe za kama chenga za mchele ndiyo nzuri, juu na chini weka mchanga uliooshwa.

DadaNgozi_Sgd

Asanteni sana. Kwa hiyo nielewe kwamba majani hayafai kwa kazi yangu? Maana pipa la kwanza ndiyo hivyo tena lina risasi, ila nina mapipa mengine matatu ya maji ya kromu ambayo sijayagusa.

MkemiaWaKata

Yanafaa, ila siyo hatua ya kwanza. Majani ni wa kufagia mabaki, siyo wa kubeba gunia. Hayo matatu fanya hivi.

Kwanza kabisa hakikisha ni maji ya kromu peke yake. Yale maji ya chokaa na salfaidi ya kunyonyolea manyoya yasikutane kamwe na maji ya kromu wala asidi yoyote. Salfaidi ikikutana na asidi inatoa ile gesi ya yai viza, na hiyo gesi inaua mtu akiwa amesimama, ikizidi pua yenyewe inaacha kuisikia. Watu wamefia kwenye mashimo ya viwanda vya ngozi kwa namna hiyo. Mfereji wake uwe mbali kabisa.

Halafu kwenye maji ya kromu koroga chokaa kwenye ndoo iwe kama maziwa, mimina kidogo kidogo huku mnakoroga, pima kwa karatasi. Ikifika pH 8 mpaka 8 na nusu simama hapo. Usiende mbali zaidi kwa kudhani nyingi ndiyo bora, kwenye pH ya juu sana kromu inaanza kuyeyuka tena. Utaona mawingu ya kijivu kijani yanajikusanya kama maziwa yaliyokatika. Acha usiku kucha. Asubuhi maji ya juu yanakuwa maangavu, yanyonye kwa mpira taratibu bila kutibua, tope la chini chuja kwa kaniki mbili tatu. Hapo sehemu kubwa sana ya kromu umeshaikamata kwenye tope. Chokaa ikikutana na salfeti inazaa jasi, ndiyo maana tope litakuwa jingi, mkipata oksaidi ya magneziamu tope linakuwa zito, dogo, linatulia haraka, na kromu yake inaweza kuyeyushwa kwa asidi ya salfa ikarudi kuivisha ngozi nyingine. Hiyo ya kuyeyusha msijaribu wenyewe, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) wana kampasi ya Mwanza inayofundisha mambo ya ngozi, nendeni mkaulize kule, ni watu wa kazi hiyo.

Sasa ndiyo majani. Maji yaliyochujwa, tuseme yamebaki na miligramu 5 kwa lita, lita 200 ni gramu moja tu ya kromu. Maji yakiwa na metali kidogo jani nalo haliwezi kujaa, kwa hiyo usitumie ile 20, tumia 2 kwa gramu. Nusu kilo ya unga uliooshwa inatosha pipa zima! Shusha pH kidogo mpaka 5, kwa asidi safi safari hii, lakini hakikisha umechuja tope lote kwanza la sivyo litayeyuka upya. Pitisha kwenye bomba la unga polepole, kisha rudisha pH 7.

Binti_Pwani254

Nawasoma kutoka Mombasa. Dada wa Singida nakupa moyo, usingoje mpaka watoto waanze kuugua. Kwetu hapa Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi katikati ya makazi mpaka 2014, risasi ikaingia kwenye damu za watoto. Mahakama ya Mazingira ilitoa fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 mwaka 2020, ikakatiwa rufaa, wananchi wakashindwa 2023, wakapanda Mahakama ya Juu, Desemba 2024 ndipo ikarudishwa. Miaka yote hiyo, na risasi ikishaingia mwilini mwa mtoto pesa haiitoi. Hilo pipa lako la maji ya betri lifunge kabisa mpenzi.

Mzee_wa_Miwati

Wanangu mimi si mkemia ila nimefanya kazi na ngozi tangu kijana. Kabla ya hiyo poda ya kijani ngozi tuliziivisha kwa magamba ya miti, na miwati ya Njombe mpaka leo inatoa dawa hiyo ya kuivishia. Inatoka kahawia, ngumu kidogo, kwa mkanda na soli ni nzuri kuliko ya kromu. Inachelewa, kromu siku moja, miwati ngozi nzito inaweza kukaa wiki nyingi, ya mbuzi ni chache zaidi. Maji yake machafu nayo, meusi, usiyamwage mtoni, samaki watakufa kwa kukosa hewa, lakini hayana kromu. Binti yangu kwa viatu vya wazi na mikanda, kromu unaitakia nini?

DadaNgozi_Sgd

Shikamoo mzee. Kwa kweli tulifundishwa kromu tu, hakuna aliyetutajia miwati. Nitalipeleka kwenye kikao cha kikundi Jumapili. Mikanda peke yake ni karibu nusu ya kazi yetu.

Swali lingine wakuu, ule unga wa majani ukishajaa kromu naupeleka wapi? Nilifikiri kuuchoma. Na lile pipa la kwanza tulilichuja, majani nikayaanika juu ya bati, jana nikakuta mbuzi wa jirani anayalamba nikamfukuza.

mwanafunzi_wa_zamani

Dada usichome! Hapa ndipo watu wengi wanaharibu kila kitu. Kromu tatu ikichomwa kwenye hewa pamoja na chokaa au majivu inaweza kugeuka kromu sita, yaani umechukua yenye nafuu ukaizalisha ile ya saratani. Majivu ya namna hiyo ukiyatia maji yanatoa rangi ya njano. Na usiweke kwenye mbolea, usifukie shambani, na usiache wazi kwa sababu ya huyo mbuzi, huyo mwenye mbuzi mwambie ukweli ili amwangalie, maana majani hayo yana na risasi ya betri.

Weka kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko pamoja na tope, andika ni nini na tarehe. Taka za namna hii zina taratibu zake NEMC, wale wa serikali wanaosimamia mazingira, waulizeni ofisi ya kanda wawaelekeze nani ana kibali cha kuzichukua. Kuna njia ya kuosha jani kwa asidi nyepesi likaachia metali na kutumika tena mara kadhaa, lakini kila safari linachoka, na ile asidi nayo inabaki na kromu. Kwa nusu kilo ya unga wa bure haina maana.

kambi_ya_kudumu

Na gugu maji je? Wanasema linafyonza kila kitu, Ziwa Victoria limejaa.

MkemiaWaKata

Likiwa hai linafyonza kweli, hasa mizizi, na likikaushwa unga wake unashika metali vizuri. Lakini lile la ziwani limeshafyonza ya kwake huko, usilikusanye bila kulipima. Na kulisafirisha hai mpaka Singida mtu asithubutu, likitoroka kwenye bwawa moja mmekwisha. Mabwawa ya kokoto na matete ni wazo zuri zaidi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanyia kazi hayo miaka mingi, yangefaa maji yenu mengine yakishatolewa kromu.

DadaNgozi_Sgd

Wakuu narudi na mrejesho. Kikundi kimekubali mikanda yote ihamie miwati, mzee nimekutumia ujumbe wa faragha kuhusu upatikanaji. Kromu tumebakiza ya viatu tu kwa sasa.

Jana tulifanya pipa moja kwa chokaa. Ilipofika 8 maji yaligeuka ghafla mbele ya macho yetu, mawingu ya kijivu kijani yakaanza kushuka, mama mmoja wa kikundi akasema kama maziwa yamekatika, nikamwambia ndivyo walivyosema. Leo asubuhi juu kulikuwa kweupe unaona mpaka tope. Tumechuja kwa kaniki, tumeshusha pH, na tumeyapitisha kwenye bomba la inchi nne lenye mwarobaini uliooshwa mara saba. Yametoka na rangi ya chai nyepesi sana. Sijayamwaga, yapo kwenye pipa safi. Yule mama wa mchicha nimemweleza yote na tunamnunulia maji ya bomba ya kumwagilia mpaka tujue hali ya udongo wake, mchicha uliokuwepo tumeulipa na kuung'oa.

Kesho kutwa napeleka sampuli maabara. Nibebe kwenye nini, na niombe wapime nini?

MkemiaWaKata

Umenifurahisha sana dada. Usiende na chupa ya soda, piga simu maabara kwanza, iwe ya Mkemia Mkuu au ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, wakupe chupa zao. Omba vipimo viwili tofauti, kromu yote kwa jumla na kromu sita peke yake. Ile ya jumla wataitia asidi ya nitriki kidogo ili metali isigande kwenye kuta za chupa. Ya kromu sita isitiwe asidi kabisa, iwekwe kwenye barafu na ifike ndani ya saa 24, kwa hiyo ichukue asubuhi ile ile unayosafiri. Chukua za kabla ya chokaa, baada ya chokaa, na baada ya majani, ndipo utajua kila hatua imebeba kiasi gani. Na la pipa la betri chukua chupa yake, waambie wapime risasi. Udongo wa mama, chota sehemu tano za bustani, sentimita kama 15 kwenda chini, changanya, nusu kilo inatosha. Ukishapata karatasi ya majibu ilete hapa tuisome pamoja.